Makaa ya Waridi

Kwa siku kumi Velika alikuwa hakai. Akiketi mezani anakumbuka kitu jikoni, akifika jikoni amesahau alichokifuata, basi anatoka nje, anashuka ngazi za kiwanda, anapanda tena. Mumewe Zahari alimwambia kwamba angefungwa tela nyuma angeweza kuvuta viazi mpaka mjini Plovdiv bila kununua mafuta. Velika hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya korongo.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na shamba la Mzee Lalyo, safu themanini za miwaridi, na ukisimama kwenye ngazi zile huwezi kulikwepa hata ukitaka. Ilikuwa mwisho wa Aprili. Miwaridi ya watu wengine wote wa kijiji cha Slatin Dol ilikuwa imeshavaa kijani chake cha mwaka, ya Lalyo ilikuwa na rangi ya mtu aliyeugua ini. Majani ya manjano, machipukizi mafupi, safu baada ya safu. Na kijiji kizima kilijua sababu, au kilidhani kinajua. Shamba lilikuwa limelishwa makaa ya Velika.

Hayo makaa yana historia yake, na haina manukato yoyote ingawa inatoka kwenye waridi. Kiwanda cha Velika kilikuwa kidogo, mitungi minne ya shaba aliyoachiwa na baba yake, Mincho. Mwisho wa Mei maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijayanyonya mafuta yake, huletwa katika magunia, hutumbukizwa mtungini pamoja na maji, na mvuke unaotoka hupozwa hadi mafuta yaelee juu. Watu wanaonunua kichupa cha mafuta hayo huko mijini hawaulizi kinachobaki chini ya mtungi. Kinachobaki ni machicha, rundo zito la kahawia linalochuruzika maji, na baada ya siku mbili linanuka kama kabichi iliyosahauliwa. Kwa kila kijiko cha mafuta kuna mlima wa machicha.

Mincho aliyamwaga korongoni miaka thelathini. Alijua ni makosa, ndiyo maana aliyamwaga alfajiri, na hakuyamwaga kwa mikono yake. Aliyesukuma toroli alikuwa Velika, tangu ana miaka kumi na miwili, kabla watu hawajatoka kwenda kuchuma. Baba yake alimwambia asizungumze na mtu njiani. Maji ya korongo yakawa na rangi ya chai, visima vya chini vikaanza kunuka, na watu walipokuja kuuliza, Mincho alikuwa na jibu moja tu: ni mvua, imeshusha udongo mlimani. Velika alikuwa akisikia jibu hilo kutoka nyuma ya mlango. Hakuwahi kumwambia mtu habari ya toroli, hata Zahari, na wameoana miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo kiwanda kilipokuwa mali yake, jambo la kwanza alilolitaka ni kwamba hata koleo moja la machicha lisifike tena korongoni. Zahari ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiyekuwa na haraka, anayepiga mluzi akifanya kazi na akikosea anapiga mluzi zaidi. Alichukua matangi mawili ya zamani akaunda tanuri. Machicha yanakamuliwa, yanaanikwa kwenye sakafu chini ya paa la nailoni mpaka yakauke kabisa, kisha yanafungiwa ndani ya pipa linalopewa hewa kidogo tu, kama mgonjwa. Hayawaki yakawa majivu. Yanatoa gesi, gesi inawaka chini ya boila, boila inatoa mvuke unaopika maua mapya. "Waridi la mwaka huu linapikwa na la mwaka jana," Zahari alipenda kuwaambia wageni, na wageni walipenda kusikia.

Ndani ya pipa yanabaki makaa meusi, mepesi, ya kuvunjika kwa vidole. Hayo ukiyatia shambani yanashika maji na mbolea miaka mingi, udongo mkavu wa Slatin Dol unayahitaji kuliko dawa yoyote. Lakini yana sharti lake. Makaa mapya yana njaa. Lazima yalazwe kwanza na samadi miezi minne, yashibe, ndipo yaingie ardhini. Ukiyatia na njaa yake yatakula kile yatakachokikuta, na watakaonyang'anywa chakula mdomoni ni miwaridi.

Wakulima walipoambiwa habari ya makaa, walifanya kama wakulima wanavyofanya: walisema ni jambo zuri sana, waanze wengine. Aliyekubali kuanza ni Lalyo peke yake. Wengine walisema wataona ya Lalyo. Na Lalyo hakuwa mtu mdogo pale kijijini. Alikuwa na shamba kubwa kuliko wote, na mwelekeo alioushika yeye asubuhi ya kwanza ya mavuno ndio wenzake walioushika, tangu enzi za Mincho. Zamani hilo halikuwa na uzito kwa sababu kiwanda kilikuwa kimoja. Sasa kulikuwa na kingine kikubwa huko barabara kuu, chenye mitungi ya chuma cha pua, kinachopokea maua ya yeyote. Lalyo akikunja kuelekea barabara kuu, Slatin Dol nzima itakunja, na mitungi ya Velika itabaki baridi. Mwaka mmoja wa baridi ungetosha kukiua kiwanda. Ndiyo maana alikuwa hakai.

Zahari yeye alilala vizuri. Alikuwa na karatasi. Siku Lalyo alipochukua magunia ya makaa alipewa maelezo yaliyopigwa chapa, changanya na samadi, acha miezi minne, na chini ya nakala iliyobaki kiwandani kuna saini ya Lalyo mwenyewe, ndefu na ya kupinda kama mzabibu. Zahari alisema waitoe hiyo karatasi wawaonyeshe watu, mambo yaishe.

"Ngoja kwanza niende kwake," Velika akasema. "Ni mzee. Siwezi kumtolea saini yake mbele ya watu kama askari."

"Nenda. Lakini usirudi na huruma, huruma haichemshi mtungi."

Akaitia karatasi katika mfuko wa aproni akaenda. Lalyo alikuwa shambani, aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Aliyemkaribisha ni mkewe, Mama Stana. Kwa watu wale, mgeni hata awe adui hasemi jambo lake kabla hajalamba kijiko cha jamu na kunywa maji, basi Velika akalamba, jamu ya waridi, akanywa maji, mguu wake ukitikisika chini ya meza. Vidole vilikuwa vimeshaigusa karatasi mfukoni. Akauliza kwa adabu kama makaa yalilazwa na samadi.

Mama Stana akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Yalazwe kwa nini, mwanangu? Tulifanya kama ulivyofanya wewe."

"Mimi?"

"Siku ya Krismasi. Pale langoni kwako."

Hapo Velika akaiona asubuhi ile yote, kama mtu aliyefunuliwa shuka. Mkesha wa Krismasi kila nyumba ya Slatin Dol huwasha gogo la mwaloni liwake mpaka kuche, na asubuhi majivu yake hayatupwi. Mwenye nyumba huyachota yangali na uvuguvugu akayamwaga kwenye mashina, mizabibu, miwaridi, chochote anachotaka kizae. Majivu ya Krismasi hayangojeshwi wala hayachanganywi na kitu. Na toka enzi za Mincho wakulima hupita kiwandani asubuhi hiyo kunywa rakia, ile pombe kali ya matunda, na kumwona mwenye kiwanda akimwaga majivu kwenye mwaridi wa langoni. Krismasi iliyopita Velika, kifua kimemjaa kwa fahari ya tanuri lake, aliyaacha majivu jikoni. Alichota koleo la makaa mapya kutoka kwenye pipa, akayamwaga penye shina mbele ya watu thelathini, akasema kuanzia sasa haya ndiyo yatakayolisha Slatin Dol. Watu wakapiga makofi. Lalyo akachukua magunia yake siku ileile.

Koleo moja kwa mwaridi mmoja mzee wenye mizizi ya miaka hamsini halikufanya kitu. Lalyo alirudi nyumbani akampa kila mwaridi koleo lake, siku hiyohiyo mpaka jua likazama, yeye na mkewe, kwa sababu hiyo ndiyo siku yenyewe.

"Na karatasi?" Velika akauliza.

"Iko nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola. Lalyo miwani yake ilivunjika Novemba." Mama Stana akamsogezea bilauri ya maji. "Lakini hata angeisoma, mwanangu. Wewe ndiye mwenye makaa. Tulikuona kwa macho yetu."

Velika alitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Akaaga, akarudi kwa njia ya korongoni, akiruka mawe, akijisemea peke yake kama kichaa. Alikuwa amekwenda kumkamata mtu na kosa, na kosa lilikuwa lake. Tena la kipumbavu. Mtu anaandika maelezo kwa wino halafu kwa mkono wake anafanya kinyume mbele ya kijiji kizima, na ndani ya desturi iliyokuwako kabla hata babu yake hajazaliwa. Nani atafuata wino?

Zahari alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta spana kwa kitambaa.

"Nani mwingine anakumbuka?"

"Watu walikuwa thelathini."

"Walikuwa na rakia ya Gencho, mke wangu. Hao hawakumbuki hata walivyofika nyumbani."

"Stana anakumbuka."

"Stana hasemi. Na saini ni ya Lalyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi limevunjika, kwa nini tuvunjike sote?" Akaiweka spana chini. "Maua yanafunguka baada ya wiki tatu. Baada ya msimu utamwambia mtu yeyote kitu chochote. Nitakushika mkono."

Hakuwa mtu mbaya Zahari. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake haipigi kelele. Velika aliiacha aproni, karatasi ikiwa bado mfukoni, kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka kwenda kuhesabu mapipa ambayo alikuwa ameshayahesabu.

Siku ya Mtakatifu Georgi kijiji kizima hula kondoo pamoja uwanjani kando ya kanisa. Velika alichelewa; alikuwa amerudi mara mbili kuangalia kama amefunga jiko. Alipofika alisikia kicheko, kikubwa, cha meza nzima. Gencho, yule mwenye rakia, alikuwa amesimama juu ya benchi na karatasi mkononi, anaisoma kwa sauti ya padri. "Changanya, ndugu zangu, na samadi! Acha, wapendwa, miezi minne!" Halafu akaigeuza kuwaonyesha watu saini, na kicheko kikapanda tena. Zahari alikuwa amekaa pembeni, anakata mkate, hamtazami mkewe.

Lalyo alikuwa amesimama mwisho wa meza na sahani yake. Hakuna aliyempisha nafasi. Alikuwa na miwani mpya.

Watu wakamwita Velika akae, aje hapa, aje hapa. Wakamjazia sahani. Mmoja akamwambia kwamba sasa wameelewa, makaa hayana neno, ubovu ulikuwa kichwani kwa mzee, maua watamletea yeye kama kawaida, na mwakani kila mmoja atataka magunia yake. Mwingine akamgongea glasi. Kile alichokuwa anakikimbilia kutwa kucha, jikoni na nje na jikoni, kilikuwa kimeletwa kwenye sahani pamoja na kondoo. Velika akakaa. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi akakaa vizuri, mgongo ukaegemea, akala kipande cha nyama, na kilikuwa kitamu. Niseme ukweli, kilikuwa kitamu sana.

"Haya, Mzee Lalyo," Gencho akaita toka juu ya benchi, "na wewe unasemaje? Kilichokula waridi lako ni nini?"

Lalyo hakumtazama Gencho. Alimtazama Velika, bila hasira, akasema, "Labda ni mvua."

Watu wakaangaliana. Mvua haikuwa imenyesha tangu Machi. Gencho akasema mzee amechanganyikiwa, na wachache wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na miguu. Velika peke yake ndiye aliyesikia vizuri. Alikuwa nyuma ya mlango tena, ana miaka kumi na miwili, mikono inanuka machicha, na baba yake yuko sebuleni anamwambia mtu kwamba ni mvua.

Akasimama, benchi likatikisika, Gencho akashuka asije akaanguka.

"Ni mimi," akasema. "Krismasi, mbele yenu, nilimwaga makaa mabichi pale langoni. Yeye alifuata mkono wangu. Karatasi inasema hivi na mimi nilifanya vile. Kosa ni langu, si lake."

Mafuta ya kondoo yalidondoka kwenye moto. Gencho ndiye aliyesema wa kwanza, na safari hii hakutumia sauti ya padri. Alisema kwamba basi hata mwenye dawa hajui dawa yake. Watu wakaanza kushughulika na sahani zao. Yule aliyemgongea glasi akaikumbuka safari yake. Zahari akaacha mkate nusu, akaenda nyumbani mbele, peke yake, bila kupiga mluzi. Velika alipotafuta kwa macho mwisho wa meza, Lalyo naye alikuwa amekwisha kuondoka.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini njaa ya makaa inaweza kulishwa. Hilo Velika alilijua. Kesho yake asubuhi alisimama kwenye lango la Lalyo na pipa la samadi ya kuku iliyolowekwa pamoja na majani yale yanayowasha, uvundo wa kumfukuza shetani, na ndoo mbili. Lalyo akatoka, akanusa, akafungua lango, akarudi ndani. Velika akaanza safu ya kwanza. Kila mwaridi ndoo nusu, taratibu, mpaka udongo unywe. Siku mbili alifanya peke yake. Siku ya tatu Zahari akaja na trekta na tangi, uso umefungwa kama duka la Jumapili, akafungua bomba na kusema tu kwamba kwa ndoo angemaliza Septemba. Walimaliza safu themanini kwa siku tisa, wakarudia. Mama Stana alikuwa akiweka chupa ya maziwa ya mgando na mkate juu ya ukuta, na kuondoka kabla hawajamfikia.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano yalibaki manjano. Lakini kwenye ncha kulitokea kijani kipya, kidogo, cha aibu. Machipukizi ya maua yalikuwa machache na madogo. Velika alikuwa akiyahesabu kila jioni kwenye safu ya kwanza, akikosea, akianza upya. Na hakuna mtu hata mmoja aliyepita kiwandani wiki hizo kuuliza mitungi itawashwa lini.

Asubuhi ya kwanza ya mavuno, kuelekea saa tatu, magari yalianza kujikusanya kwenye njia panda penye kituo cha basi kilichokufa. Kutoka ngazi za kiwanda yalionekana yote: trekta mbili, gari la Gencho, vigari vyenye matela, magunia yamefura maua mpaka juu. Hayakwenda kushoto wala kulia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na wote walikuwa wanasubiri Lalyo apite. Lakini waridi halisubiri. Likikaa guniani jua likipanda linapata joto, linachacha, na mafuta yanakwenda na upepo.

Tanuri lilikuwa linawaka tangu saa kumi alfajiri. Machicha makavu yalikuwa yanatoa gesi yake, moto chini ya boila ulikuwa wa buluu, safi, hauna moshi. Kila kitu kilikuwa tayari na hapakuwa na ua hata moja. Velika alikwenda langoni akarudi, akagusa mtungi, akaenda langoni.

"Kaa chini," Zahari akasema.

"Siwezi."

"Ngojangoja huumiza matumbo, wewe unaumiza mpaka viatu."

Gencho alichoka wa kwanza. Gari lake likakunja kulia, kuelekea barabara kuu. Trekta moja ikamfuata, kisha kigari kimoja, kisha vingine vitatu. Velika aliona vumbi lao likipanda. Waliobaki walikuwa sita. Ndipo gari la zamani la Lalyo, lile la Kirusi lenye mlango wa rangi tofauti, likatokea taratibu likivuta tela lake. Likasimama kwenye njia panda. Lalyo akashuka, akakagua kamba ya tela ambayo haikuwa na shida yoyote, akarudi ndani. Akakunja kushoto.

Alipanda mlima mzima kwa gia ya kwanza, na wale sita nyuma yake.

Aliposhusha magunia Velika aliona yalivyo machache, na Lalyo aliona kwamba ameona.

"Mwaka jana siku ya kwanza yalikuwa thelathini," mzee akasema. "Haya ni kumi na moja."

"Najua, Mzee Lalyo."

"Nakwambia ili ujue najua."

Zahari akayabeba haraka kabla mtu hajabadili mawazo, na mtungi wa kwanza ukajazwa, ukafungwa. Wale wengine walishusha yao, wakaondoka kurudi safuni. Lalyo hakuondoka. Aliketi kwenye kreti iliyopinduliwa mbele ya tanuri, akawa anautazama ule moto wa buluu. Velika akashika uma wa machicha ingawa bado hapakuwa na machicha ya kushika.

"Baba yako nilimwuliza mara tatu," Lalyo akasema, akiwa bado anautazama moto. "Kisima changu kilikuwa kinanuka. Stana akawa anateka maji kwa dada yake, mwendo wa saa nzima. Mara ya kwanza Mincho akaniambia ni mvua. Mara ya pili, mvua. Mara ya tatu ulikuwa mwaka wa ukame, akaniambia ni mvua ya mwaka jana." Alitikisa kichwa, na pembeni mwa mdomo palikuwa na kitu kama kicheko. "Nikaendelea kumletea maua, binti Mincho, kwa sababu kiwanda kilikuwa hiki tu. Sasa vipo viwili."

Hilo lilitosha. Mtu mwingine angelipokea hapohapo, angeshukuru, angemletea mzee kahawa, na siku ingeendelea. Velika naye alitaka iwe hivyo. Alifungua mdomo aulize kama anatia sukari.

"Toroli nilisukuma mimi," akasema.

Zahari, aliyekuwa anapita na gunia tupu, akasimama.

"Tunajua, mwanangu," Lalyo akasema. "Gurudumu lilikuwa linalia. Kila alfajiri Stana alikuwa anaamka kwa sauti yake. Anasema, mtoto wa Mincho huyo anapita, na umande wote huu, hana viatu."

Mtungi ukaanza kutoa sauti, ile ya chini, maji yalipoanza kuchemka. Lalyo akasogea kidogo, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kwenye kreti. Velika akauegemeza uma ukutani, akakaa.